Barua ya wazi kwa wakubwa wa shule za kijeshi za serikali: nisomeeni kabla sijatia saini

Kwenu wajumbe wa bodi za elimu, wakuu wa shule, na maofisa na masajenti wastaafu mnaofundisha watoto wetu katika shule za sekondari za kijeshi za serikali hapa Marekani.

Salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Nimezaliwa Baraka, Kivu Kusini, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1996 tulivuka ziwa nikiwa na miaka 11, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Huko niliolewa, na huko walizaliwa watoto wangu watatu wa kwanza. Sasa tunaishi Marekani, katika mji ambao sitautaja. Kijana wangu wa pili ni kadeti katika shule moja ya kijeshi ya serikali, nayo pia sitaitaja. Najua kisa changu si cha shule moja wala cha mji mmoja, na sitaki mwalimu fulani abebe peke yake lawama ya watu wengi.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Ofisi zenu zina wakalimani, au zina namba za simu za kuwaita. Mtakapomtafuta mtu wa kuwasomea barua hii, mkasubiri amalize sentensi, mkajiuliza kama amesema yote au ameruka, mtakuwa mmekaa kwa dakika chache kwenye kiti nilichokalia mimi.

Kijana wangu alipokuwa darasa la nane, aliniletea karatasi za kuchagua shule ya sekondari. Zilikuwa kurasa 11, zote za Kiingereza. Mimi nafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, na Kiingereza changu ni cha kiwandani: kisu, barafu, haraka, kesho. Baba yao hajui hata hicho. Kwa hiyo msomaji wetu akawa mtoto mwenyewe, kama anavyosoma barua za daktari, za umeme na za mwenye nyumba.

Nilimuuliza: hii ni shule gani? Akaniambia: ni shule ya nidhamu, mama. Nikauliza: wanafundisha nini? Akasema: kila kitu, hesabu, sayansi, na uongozi. Nikafurahi. Mzazi gani wa kwetu asiyetaka mtoto wake aende shule ya nidhamu? Nikatia saini kila mahali alipoweka kidole.

Simwiti mwongo. Nidhamu inafundishwa kweli, na uongozi unafundishwa. Lakini alikuwa na miaka 13, aliitamani shule ile, na alijua neno gani likitamkwa nyumbani kwetu mlango utafungwa. Mlimpa mtoto kazi ya kutafsiri karatasi inayomhusu yeye mwenyewe, naye akatafsiri upande aliotaka kuelekea. Mtu mzima angefanya hivyohivyo.

Neno lile nilikutana nalo mwezi wa Agosti. Nilirudi kazini alfajiri, nikafungua mlango wa chumba cha wavulana kuangalia kama wamelala. Juu ya kitanda kulikuwa na shati la kijivu limenyooshwa pasi, suruali ya buluu iliyoiva, mkanda wenye bizimu ya shaba, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Juu ya mfuko wa kulia wa shati palikuwa na kibao kidogo cheusi chenye herufi nyeupe. Kusoma jina naweza. Lilikuwa jina letu, jina la babu yake mzaa baba, limebandikwa kwenye nguo ya jeshi.

Sasa niwaeleze nilichokiona mimi, maana ninyi mlikiona kitambaa.

Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, waliokuja na AFDL, waasi waliopigana kumwondoa Mobutu, walichukua watoto. Watoto hao tuliwaita kadogo. Jina hilo lilikuwa la mapenzi zamani, jina la kitinda mimba, la mtoto anayebebwa mgongoni. Tangu mwaka ule likawa na bunduki. Kaka yangu alikuwa na miaka 13. Alirudi nyumbani mara moja tu, sare imemzidi, mikono ya shati imekunjwa mara nne. Mama alimpa ugali na samaki wa mikebuka, akala amesimama. Hatukumwona tena. Hatujui kaburi lake, wala hatujui kama analo.

Ndiyo maana asubuhi ile sikupiga kelele. Nilikaa chini, mgongo ukutani, nikalitazama shati lile mpaka mtoto alipoamka. Nikamwambia alirudishe. Akalia. Kwa siku mbili hatukusemezana nyumba nzima, na siku ya tatu nilikwenda shuleni nikiwa bado na viatu vya mpira vya kazini.

Nilipokelewa na sajenti mstaafu, mzee mrefu, mpole. Mkalimani hakuwepo. Akamwita nani? Akamwita mwanangu. Nikawa namlalamikia mtoto kwa kinywa cha mtoto mwenyewe. Sajenti aliona haifai, akanishika mkono, akanipeleka kwenye ukumbi wa michezo ambako vijana walikuwa wanazungusha bunduki hewani na kuzidaka kwa mpigo mmoja. Miguu ilianza kuniishia. Akachukua moja, akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito, ya mbao. Akanionyesha kidole mdomoni mwa mtutu. Nikagusa. Haina tundu. Mtutu umezibwa, chuma kitupu kisichopitisha kitu. Ni bunduki ya gwaride tu.

Nilimshukuru mzee yule na namshukuru hadi leo. Lakini jamani, kwa nini nililijua hilo kwa ncha ya kidole changu, miezi mitano baada ya kutia saini?

Mengine nimeyakusanya mwenyewe, kwa kuuliza msikitini na kanisani, kwa Wakenya na Watanzania waliotutangulia, na kwa mwanangu pia, ambaye sasa ananiambia yote. Nayaandika hapa kwa ajili ya mama mwingine wa Kiswahili ambaye leo jioni atawekewa karatasi mezani.

Shule hizi ni za serikali, bila ada, chini ya bodi ya elimu ya mji kama shule nyingine. Watoto wanasoma hesabu, fizikia, historia na Kiingereza, na wanafanya mitihani ileile ya wenzao. Kinachozitofautisha ni JROTC, programu ya majeshi ya Marekani kwa vijana wa sekondari, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Katika shule nyingi za kawaida programu hiyo ni somo moja kati ya masomo, lakini katika shule ya kijeshi kila mwanafunzi yumo. Walimu wake wengi ni wanajeshi wastaafu, na mishahara yao jeshi na shule huchangia. Kadeti si askari. Hajaapa, hana deni la kwenda jeshini akimaliza, na anaweza kuwa muuguzi, fundi, mwalimu, chochote. Hata hivyo, akiamua kujiandikisha jeshini, miaka yake ya JROTC inaweza kumwanzishia cheo na mshahara wa juu kidogo kuliko mwenzake aliyeingia mikono mitupu. Yote hayo ningeweza kuelezwa kwa dakika 10.

Kuna jambo la pili ambalo hakuna aliyeniambia, nalo ndilo lililonigeuza moyo zaidi ya bunduki isiyo na tundu. Ni historia.

Mwaka jana shule iliwapeleka watoto Chicago kwa basi, nami nikaomba kwenda kama mzazi wa kuwaangalia. Dada mmoja Mkenya, mzazi mwenzetu, alinitafsiria njia nzima, Mungu ambariki. Tulifika mtaa wa Bronzeville, upande wa kusini wa mji, tukasimama Giles Avenue mbele ya jengo kubwa la matofali. Leo ni shule, Chicago Military Academy, iliyofunguliwa mwaka 1999 wakati Richard M. Daley akiwa meya. Lakini jengo lilijengwa mwaka 1914 na 1915 kama ghala la silaha na ukumbi wa mazoezi wa Kikosi cha Nane cha Illinois. Askari wake walikuwa weusi, na maofisa wao pia walikuwa weusi. Lilikuwa jengo la kwanza la namna hiyo nchini kote kujengwa kwa ajili ya kikosi cha watu weusi.

Kikosi hicho kilikwenda Cuba mwaka 1898 chini ya Kanali John R. Marshall, mtu mweusi. Mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilipelekwa Ufaransa kikiitwa Kikosi cha 370, na huko jeshi la Marekani halikutaka wapigane bega kwa bega na wazungu wao, likawakabidhi kwa Wafaransa. Wakapewa bunduki za Kifaransa na chakula cha Kifaransa. Kamanda wao, Kanali Franklin Denison, mweusi, aliondolewa katikati ya vita, mahali pake pakawekwa mzungu. Wakapigana hivyohivyo mpaka mwisho, na makumi yao wakavishwa na Wafaransa Croix de Guerre, medali ya ushujaa vitani. Walirudi Chicago Februari 1919 wakapokewa kwa shangwe barabarani. Miezi mitano baadaye, tarehe 27 Julai, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alirushiwa mawe akiwa ziwani, kwa sababu alikuwa ameelea akapita mpaka wa weusi na wazungu majini, ambao haukuandikwa popote, akazama. Mji ukawaka. Watu 38 walikufa, 23 kati yao weusi. Waliokuwa wamerudi kutoka Ufaransa na medali walijikuta wanalinda milango ya nyumba zao wenyewe.

Hatua chache kutoka pale, kwenye mtaa wa 35, kuna mnara, na juu yake amesimama askari mweusi wa shaba. Majina ya waliokufa yameandikwa kwenye shaba ile. Nilisoma machache kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na yule dada Mkenya akaniacha nisome.

Nilimkumbuka babu wa mama yangu. Mwaka huohuo wa 1916, Bunge la Marekani lilipokuwa linapitisha sheria ya JROTC, Wabelgiji waliwapeleka askari wa Kongo kupigana na Wajerumani, na mwezi wa Septemba wakaiteka Tabora. Babu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi, alibeba masanduku ya risasi kichwani. Nyumbani tuliambiwa alirudi na kidonda cha bega ambacho hakikupona. Wapagazi wale hawana shaba yenye majina yao mahali ninapopajua mimi.

Pale chini ya mnara nilielewa kitu ambacho karatasi zenu 11 hazikukisema: kwamba sare, kwa watu wa mtaa ule, ilikuwa na maana nyingine kabisa na ile niliyoijua mimi. Kwetu sare ilikuja kuchukua watoto. Kwao ilikuwa hoja: mtu aliyevaa nguo hii na kuvuja damu ndani yake, mtamnyimaje haki zake? Hawakupewa haki hizo kwa urahisi, lakini nimeielewa hoja yao. Kama mngenieleza hivyo mwezi wa Machi, ningemsikiliza mwanangu badala ya kukaa siku mbili bila kumsemesha.

Chicago hiyohiyo kuna shule ya wanamaji yenye jina la Admirali Hyman Rickover. Nilidhani ni mtoto wa kitajiri. Kumbe alizaliwa Poland mwaka 1900, katika familia ya Kiyahudi, akaletwa mtoto mdogo wazazi wake wakikimbia mateso. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Yeye alisoma sekondari huku akipeleka telegramu mitaani ili apate pesa. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyambizi ya kwanza ya nyuklia duniani, Nautilus. Mtoto wa wakimbizi! Na shule nyingine, Carver, kusini kabisa mwa mji, ina jina la George Washington Carver, mtu aliyezaliwa utumwani akawa mwanasayansi wa kilimo, bingwa wa karanga. Karanga, jamani. Sisi wa Baraka na Kigoma tunaijua karanga kuliko tunavyojua nyambizi. Majina haya mmeyaandika milangoni. Kwa nini hamuwasimulii wazazi ni ya nani?

Sisemi shule hizi hazina wanaozipinga, tena kwa sababu nzito. Shule ya Rickover ilipowekwa mwaka 2005 ndani ya jengo la shule ya Senn, shule iliyojaa watoto wa wahamiaji, wazazi na walimu wengi wa mtaa ule waliandamana kuikataa. Walisema: kwa nini watoto wa wageni na wa maskini ndio wanaotafutiwa jeshi, na watoto wa matajiri wanatafutiwa piano? Swali hilo bado halijajibiwa vizuri, nami naliuliza pia. Mwaka 2022 ilibainika kwamba katika baadhi ya shule za kawaida za Chicago, kwenye mitaa ya weusi na Walatino, watoto wa mwaka wa kwanza waliingizwa kwenye JROTC moja kwa moja bila kuulizwa, na wakubwa wa elimu wa mji wakaahidi kwamba kuanzia hapo mzazi ataulizwa kwanza. Mwaka huohuo gazeti la The New York Times lilifichua kesi za walimu wa JROTC, katika majimbo mbalimbali, walioshtakiwa kwa kuwadhulumu kingono wasichana waliokuwa chini yao. Nina binti anayefuata. Mama mwenye binti anastahili kujua ni nani anayemsimamia mwalimu mwenye cheo, na binti akidhulumiwa amwambie nani, kwa lugha gani.

Lakini barua hii sikuiandika kuomba shule hizi zifungwe. Nimeiona ya mwanangu kwa karibu, na nitasema nilichokiona.

Jumapili usiku meza yetu ya kula inakuwa ya pasi. Anaanza na shati: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Halafu anaisugua bizimu ya mkanda kwa kitambaa mpaka uso wake uonekane ndani. Akishavaa, ananiita nimkague kabla sajenti hajamkagua. Amenifundisha: ukingo wa shati penye vifungo, ukingo wa bizimu, na mshono wa zipu ya suruali lazima viwe mstari mmoja, kutoka shingoni hadi chini, kama uzi wenye jiwe anaoutumia mwashi. Nikiona umepinda hata kwa unene wa kucha, namwambia. Mimi niliyetaka nguo ile irudishwe sasa ndiye ninayenyoosha mstari wake. Sijui niseme nini juu ya hilo, ila ndivyo ilivyo.

Mwaka wa kwanza alikuwa anaamrishwa tu. Mwaka huu ana watoto tisa chini yake, wa mwaka wa kwanza, na ni yeye anayewafundisha kugeuka kulia, kusimama mguu sawa, na kuomba ruhusa kwa heshima. Mmoja ni mtoto wa Kirundi aliyefika juzijuzi, hajui Kiingereza. Mwanangu alimfundisha amri zote za gwaride kwa Kiswahili kwanza, usiku, kwa simu, nikamsikia: "Nyuma geuka ni hivi, usiwahi mguu." Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Zamani alikuwa mtoto asiyeamka bila kumwagiwa maji.

Hii ndiyo faida, na siikani. Ninachodai ni kwamba faida hii nilipaswa kuelezwa, pamoja na hatari zake, na mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya taifa alilotoka. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, ilisema kwamba kumpa mtoto vitabu vilevile na dawati lilelile hakumfanyi awe sawa na wenzake ikiwa haelewi lugha ya darasani. Mimi si mwanasheria. Lakini kama mtoto aliyekaa asipoelewa hajapewa elimu, basi mzazi aliyesaini asichoelewa hajatoa idhini. Mlichonacho kwenye faili zenu ni wino wangu tu.

Naomba basi, kabla ya kalamu, pawe na mkalimani, mtu mzima, ana kwa ana au kwa simu, asiye mtoto wa familia hiyo. Aseme neno lenyewe bila kulizunguka: jeshi. Aseme kwamba watavaa sare, watafundishwa na wanajeshi wastaafu, na watacheza gwaride na bunduki za bandia. Na kama shule ina timu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, aseme pia. Aseme kwamba mtoto hadaiwi kwenda vitani. Kisha amuulize mzazi ana swali gani, na asubiri. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kumuuliza mtu wa serikali swali kuna gharama yake. Tunahitaji muda kidogo kabla sauti haijatoka.

Kuna na karatasi nyingine, ndogo, iliyojificha ndani ya zile nyingi. Sheria ya elimu ya mwaka 2001, na ile ya 2015 iliyoifuata, inaitaka shule ya sekondari iwape maofisa wa kuandikisha jeshi jina, anwani na namba ya simu ya mwanafunzi wakiziomba, isipokuwa mzazi ameandika kwamba hataki. Hiyo ni kwa shule zote zinazopokea fedha za serikali kuu chini ya sheria hiyo, hata zisizo za kijeshi. Ukinyamaza, umekubali. Sasa mtu asiyejua kuna swali atajibuje? Simu yangu ililia mwezi wa Februari, mwanaume mwenye adabu akamtaja mwanangu kwa jina kamili. Nilikata. Nilidhani wamempata, kama walivyompata kaka yangu. Nilikaa kwenye gari nje ya kiwanda dakika 20 kabla ya kuweza kuingia kazini, na msimamizi akanikata saa nzima.

Wazazi wengine wa kwetu watasaini kwa furaha wakishaelezwa. Najua baba mmoja kutoka Kalemie ambaye anasema mtoto wake akiwa askari wa nchi yenye katiba inayofuatwa, yeye atacheza ngoma. Wengine watakataa katakata, wasisikie hata neno. Wote wawili wana haki ya kuijua karatasi waliyowekewa mbele yao.

Mwanangu anatimiza miaka 17 mwezi wa Novemba. Nimeshaulizia: hapa Marekani kijana wa miaka 17 hawezi kujiandikisha jeshini bila saini ya mzazi. Hajaniambia kwamba anataka. Lakini namwona anavyosoma usiku vijitabu vya wauguzi wa jeshi, na mimi ni mama yake, siulizi nilichokwisha kukiona. Huenda karatasi ile ikaja mezani kwangu kabla ya Krismasi, mahali palepale anapopigia pasi.

Nimezungumza na akina mama saba wa Kiswahili wenye watoto katika shule hizi, wa Fizi, wa Uvira, wa Bujumbura, na mmoja wa Mombasa. Sote tunafanya kazi za zamu, lakini Jumamosi asubuhi tunaweza. Tupeni Jumamosi moja, chumba kimoja na mkalimani mmoja. Tutakuja na karatasi zetu za zamani, zile tulizosaini, na tutaanza kusomewa ukurasa wa kwanza.